Je, Maji Huyachukia Mafuta?

Mtu akipita kando ya shamba la magimbi mvua ikiisha kunyesha, huona matone ya maji yamekaa juu ya majani kama shanga za kioo. Jani likitikiswa, shanga zile huteleza zikaanguka, na jani hubaki kavu kana kwamba halikunyeshewa. Bata naye hutoka bwawani akajikung'uta mara moja, akaenda zake mkavu. Lakini ukimwaga maji juu ya kioo kilichosafishwa vizuri, maji hutandaa yakashikamana nacho, hata ukikiinamisha hayatoki yote. Mambo haya tumeyaona tangu utoto wetu, nasi tumeyazoea hata hatuyaulizi tena.

Hata hivyo kila mwaka wanafunzi wangu huniuliza, "Mwalimu, kwa nini maji na mafuta hayapatani?" Jibu la upesi ambalo wengi hupewa ni kwamba maji huyachukia mafuta. Jibu hilo ni jepesi kukumbuka, ila lina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba si kweli. Katika makala haya nataka kueleza, kwa kadiri nafasi ya gazeti letu inavyoniruhusu, ni nini hasa kinachotokea, na jinsi wataalamu walivyofaulu kuipima nguvu iliyo baina ya nyuso mbili zilizozamishwa majini na kukaribiana mno. Nataka pia wasomaji waone jinsi kipimo kilichofanywa kwa uangalifu mkubwa kilivyowatatiza watu hodari kwa miaka mingi. Sehemu hiyo ya pili naiona ina faida kwa kila mtu, hata kwa mzazi asiyepata kusoma fizikia.

Kwanza tuyaangalie maji yenyewe. Molekuli moja ya maji ina atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, na pande za haidrojeni zina chaji chanya kidogo. Kwa hiyo kila molekuli huivuta jirani yake, na yaweza kushikana na jirani wanne kwa wakati mmoja. Maji basi ni kama kundi la watu wanaocheza ngoma wameshikana mikono, ambao kila mara huachana na kushikana tena na wengine. Mahali penye kioo safi wachezaji hawapati taabu, kwa kuwa uso wa kioo nao una mahali pa kushika. Lakini nta ya mshumaa haina mkono wa kuwapa, wala mafuta hayana. Molekuli za maji zilizo karibu na nta hulazimika kugeukiana na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Maji hayaifukuzi nta. Yanashikana tu yenyewe kwa nguvu zaidi kuliko yanavyoishika nta.

Ushahidi wake ni wa zamani. Mwaka 1774 Mmarekani Benjamin Franklin alichapisha habari za jinsi alivyomimina mafuta kiasi cha kijiko cha chai katika bwawa la Clapham, karibu na London. Mafuta yale yalitandaa yakatuliza mawimbi madogo mahali penye ukubwa wa nusu eka hivi. Kama maji na mafuta vingekuwa na chuki, mafuta yangejikunja yakakaa kama gololi moja. Lakini yalitandaa! Wanafunzi wa Kidato cha Pili na wapige hesabu hii: kijiko cha chai ni sentimita 5 za ujazo, na nusu eka ni karibu mita 2,000 za mraba. Gawanya ujazo kwa eneo, utapata unene wa nanomita 2.5. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanomita 50,000 hadi 100,000. Huo ndio ulimwengu mdogo ninaotaka kuwapeleka wasomaji.

Sasa tuchukue matone mawili ya mafuta ndani ya maji. Yakikutana huungana yakawa tone moja, kwa sababu maji yaliyokuwa baina yao huona afadhali kuondoka yakajiunge na maji wenzake. Anayetazama kwa nje huona kama mafuta yamevutana. Je, mvuto huo una nguvu kiasi gani? Na huanza kutoka umbali gani? Hayo ndiyo maswali mawili yaliyowashughulisha wataalamu.

Pengine mtu atasema maswali haya ni mchezo wa wasomi. Sivyo. Katika migodi ya shaba ya Katanga na ya Zambia, mawe husagwa yakawa unga, kisha hutiwa katika matangi ya maji pamoja na dawa inayozipaka chembe za madini zikawa za kukataa maji. Hewa hupulizwa kutoka chini. Chembe za madini hujishika kwenye mapovu zikapanda juu, na chembe za mawe matupu, ambazo hupenda maji, hubaki chini. Kadhalika kila chembe hai ya mwili wetu imezungukwa na utando wa molekuli ambazo mikia yake hukimbilia ndani, mbali na maji, na protini za mwili hujikunja kwa umbo lake kwa sababu hiyo hiyo kwa sehemu kubwa. Mama apikaye kwa nazi naye ana maabara yake: tui ni matone madogo ya mafuta yaliyomo majini, yanayozuiwa yasiungane na protini za nazi, na tui likiachwa, lile zito hupanda juu. Basi anayeijua nguvu hii anajua jambo lililomo mgodini, mwilini na jikoni.

Kuhusu kupima, yafaa tuanze na mtu mmoja ambaye hakuwa na maabara. Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862, akaishi Braunschweig, Ujerumani. Siku zile vyuo vikuu vya kwao havikuwapokea wanawake, naye alikaa nyumbani akiwatunza wazazi wake na kufanya kazi za jikoni. Huko huko jikoni aliona jinsi uso wa maji unavyobadilika mafuta yakiugusa. Akatengeneza beseni la bati, akaweka ukanda wa bati wa kuupanua na kuupunguza uso wa maji, na kwa mizani ndogo akapima nguvu iliyohitajika kukibandua kidude cha mviringo kilichogusa maji. Mwaka 1891 barua aliyomwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, ilichapishwa katika gazeti la sayansi liitwalo Nature. Alionyesha kwamba uchafu kidogo sana wa mafuta, usioonekana kwa macho, waweza kubadili kabisa kipimo cha uso wa maji. Nawaomba wasomaji walishike jambo hilo, kwa maana tutalihitaji mbele.

Kupima nguvu baina ya nyuso mbili ndani ya maji kulihitaji uso laini kupita kiasi. Kioo cha kawaida, ingawa kwa kidole ni laini, kina vilima na mabonde. Ukikaribisha vioo viwili, vilima hugusana wakati sehemu nyingine zingali mbali. Kitu kilichosaidia ni ulanga. Ulanga ni yale madini yanayong'aa ambayo hubanduka ganda kwa ganda kama kurasa za kitabu, na ambayo yamepata kuchimbwa katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, tangu zama za Wajerumani. Ukibanduliwa kwa ustadi, uso wake huwa laini hata kwa kipimo cha atomu.

Mwaka 1969 David Tabor na R. H. S. Winterton, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walieleza jinsi walivyopima nguvu baina ya nyuso mbili za ulanga zisizo majini. Mwanafunzi wa Tabor, Jacob Israelachvili, aliendeleza kazi hiyo, na alipohamia Canberra, Australia, katika miaka ya 1970, alitengeneza chombo cha kupima ndani ya maji.

Chombo chenyewe hufanya kazi hivi. Vipande viwili vya ulanga, kila kimoja chenye unene wa sehemu chache tu za elfu za milimita, hupakwa fedha kwa nyuma, kisha hugandishwa juu ya vioo viwili vyenye mgongo kama wa gogo. Migongo hiyo hupangwa ikikatana kama msalaba, hata hukaribiana mahali pamoja tu. Mwanga mweupe hupitishwa hapo, nao hurudishwa huku na huku baina ya tabaka mbili za fedha, ukatoka umechujwa, zikabaki rangi fulani tu. Umbali baina ya nyuso ukibadilika hata kwa sehemu moja ya kumi ya nanomita, rangi hizo husogea, na mpimaji husoma umbali kwa rangi kama mtu asomavyo saa.

Na nguvu je? Kioo kimoja hufungwa kwenye springi. Tuseme springi ina ugumu wa nyutoni 100 kwa kila mita. Mpimaji anaisogeza springi mbele kwa nanomita 10. Ikiwa hakuna nguvu yo yote baina ya nyuso, umbali utapungua nanomita 10 barabara. Lakini tuseme rangi zinaonyesha kwamba umepungua nanomita 12. Zile nanomita 2 zilizozidi zimetoka wapi? Springi imepindika, kwa kuwa nyuso zimevutana. Zidisha 100 kwa nanomita 2, utapata sehemu 2 za nyutoni moja iliyogawanywa mara milioni 10. Huo ni kama uzito wa vumbi la mikrogramu 20, na chombo hiki chaweza kupima nguvu iliyo ndogo zaidi ya hiyo mara 20.

Ulanga mtupu hupenda maji. Mwaka 1983 Israelachvili na mwenzake Richard Pashley walitangaza kwamba nyuso mbili za ulanga zikikaribiana mno ndani ya maji ya chumvi, nguvu baina yao haiongezeki sawasawa, bali hupanda na kushuka kwa hatua, na kila hatua ni robo ya nanomita hivi. Robo ya nanomita ndiyo upana wa molekuli moja ya maji! Maana yake maji yalikuwa yakisukumwa nje tabaka moja moja, na kila tabaka likishindana lisitoke. Uso unaopenda maji hauyaachi maji yake kwa urahisi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1982, watu hao hao walikuwa wameuvika ulanga kitu cha namna ya sabuni. Molekuli zake hushika ulanga kwa kichwa na kuelekeza mikia yake ya mafuta majini, na hivyo uso uliopenda maji hugeuka ukawa wa kuyakataa. Nyuso hizo zilivutana kutoka umbali wa nanomita 10 hivi, na kila zilipokaribiana kwa nanomita moja zaidi, mvuto uliongezeka karibu mara tatu. Nguvu hiyo ilizidi sana ule mvuto wa kawaida ulio baina ya vitu vyote vilivyo karibu karibu.

Baada ya hapo mambo yakatatizika. Wapimaji wengine, kwa nyuso zilizotayarishwa kwa njia nyingine, walipata mvuto unaoanza kutoka nanomita makumi kadhaa, na wengine zaidi ya nanomita 100. Hebu fikirini: nanomita 100 ni molekuli za maji 400 zilizopangwa mstari mmoja. Uso mmoja ungewezaje kuupelekea wa pili habari zake kupitia foleni ndefu namna hiyo? Nadharia nyingi zilitungwa, lakini vipimo vya maabara moja havikupatana na vya maabara nyingine. Vyombo havikuwa vibovu, wala wapimaji hawakuwa wazembe.

Mwaka 1994 John Parker, Per Claesson na Phil Attard walieleza dalili moja muhimu. Waliona kwamba mvuto ule wa mbali haukuanza polepole, bali ulianza kwa ghafula na kwa hatua, kana kwamba kitu kimegusa. Wakatoa rai kwamba juu ya nyuso zile kulikuwa na viputo vya hewa vidogo mno. Kiputo kilichojibandika kwenye uso mmoja kikigusa uso wa pili hufanya daraja, na daraja lile huvuta pande zote mbili. Wengi walisita, kwa maana hesabu za kawaida husema kiputo kidogo namna hiyo chapaswa kuyeyuka kufumba na kufumbua.

Msaada ulitoka kwa chombo kingine. Mwaka 1986 Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walitangaza hadubini inayopapasa badala ya kutazama: sindano iliyochongoka sana, iliyofungwa kwenye kipande chepesi kinachopindika, hupitishwa juu ya uso na kuonyesha vilima na mabonde yake. Mwaka 1991 William Ducker, Tim Senden na Pashley waligandisha mahali pa sindano tufe dogo la silika, nao wakaweza kupima nguvu baina ya tufe na uso wa namna mbalimbali, si wa ulanga peke yake. Kuanzia mwaka 2000 hadubini za aina hiyo zilileta picha za viputo bapa vimekaa juu ya nyuso zinazokataa maji. Na wapimaji walipoyatoa maji hewa iliyoyeyuka ndani yake, mara nyingi mvuto wa mbali ulipungua. Tena mwaka 2005 kikundi cha Israelachvili mwenyewe kilionyesha kwamba mavazi ya namna ya sabuni huweza kujipanga upya ndani ya maji yakawa mabaka mabaka yenye chaji tofauti, na mabaka hayo huvutana kwa umeme tu.

Basi tazameni yaliyotokea. Nguvu iliyopimwa ilikuwa ya kweli, na tarakimu zake zilikuwa za kweli. Jina lililopewa ndilo lililokuwa si lake. Iliitwa nguvu ya kukataa maji, kumbe sehemu kubwa ya ile ya mbali ilikuwa ya hewa na ya umeme. Ni yale yale aliyoyaonyesha Agnes Pockels kwa beseni lake: kitu kidogo kisichoonekana huingia katika kipimo, nacho kikasema kwa sauti kuliko kile tulichotaka kukisikia. Wataalamu wengi sasa hukubali kwamba nguvu yenyewe hasa hufika nanomita chache tu, labda 10 au zaidi kidogo, na kwamba nyuso zikikaribiana sana huwa kali mno. Majadiliano juu ya asili yake hayajaisha.

Na ikiwa uso mmoja wapenda maji, na wa pili wayakataa? Mwaka 2002 Xueyan Zhang, Yingxi Zhu na Steve Granick, wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliyabana maji baina ya nyuso mbili za namna hiyo, wakaziita nyuso za Janus, kwa jina la mungu wa Warumi wa kale aliyekuwa na sura mbili. Walipotikisa uso mmoja kidogo ubavuni, ukinzani wa maji haukutulia. Ulipanda na kushuka bila mpango. Upande mmoja uliyashika maji, upande wa pili ulitaka yaachane nao, na tabaka lile jembamba la maji likawa kama mtu aliyeitwa na wenyeji wawili kwa wakati mmoja.

Kwa wanafunzi wangependa kujaribu, nawawekea majaribio matatu yasiyohitaji fedha nyingi.

(1) Osha vipande viwili vya kioo kwa sabuni, uvisuuze sana. Kimoja kisugue kwa mshumaa hata kipate nta nyembamba. Weka tone la maji juu ya kila kimoja, utazame kwa ubavuni. Juu ya kioo safi tone hutandaa. Juu ya nta hukaa limevimba, na pembe lifanyayo na uso huzidi nyuzi 90. Pembe hiyo ilielezwa na Mwingereza Thomas Young mwaka 1805, na hata leo ndiyo hutumiwa kuuliza kama uso wapenda maji au wayakataa.

(2) Tia matone kadhaa ya mafuta ya kula katika bakuli la maji. Yasukume taratibu kwa njiti ya kiberiti hata yakaribiane, uone yanavyoungana. Kisha gusa maji kwa kidole chenye sabuni, uandike yaliyotokea.

(3) Rudia jaribio la kwanza, lakini kioo kisafi ukipitishie kwanza kidole kikavu ulichojipangusia usoni. Jasho na mafuta ya ngozi, ambayo huyaoni kwa jicho, yatabadili tone mbele yako.

Katika jaribio hili la tatu limo somo lote. Mwanafunzi akileta daftari lenye tarakimu nzuri, mimi humwuliza maswali mawili kabla ya kumpa alama: umepima nini, na ni kitu gani kingine kingeweza kukupa tarakimu hizo hizo? Wazazi nao wanaweza kuwauliza watoto wao hivyo hivyo nyumbani, juu ya habari yo yote waliyoisikia, si ya fizikia peke yake. Watakaofanya majaribio haya wakati wa likizo na waandike waliyoyaona, pamoja na yale yasiyopatana na maelezo yangu, wayalete maabara juma la kwanza la muhula ujao. Vioo na mishumaa vitakuwa tayari mezani.